Insha Isiyo na Nafsinenewa

Karatasi ya fasihi inapotahini ushairi, swali moja hurudi mara kwa mara: bainisha nafsineni na nafsinenewa katika shairi hili. Mtahiniwa aliyeandaliwa vyema halioni kuwa gumu. Anayesema ni mama, anayeambiwa ni mwana. Anayesema ni mfungwa, anayeambiwa ni mwananchi mwenzake. Alama zinaingia kibindoni. Ajabu ni kwamba mtahiniwa huyuhuyu, alipoketi kuandika karatasi ya insha, alitoa kurasa nne za barua au hotuba ambazo mtu akizisoma toka mwanzo hadi mwisho hawezi kutambua zilikuwa zikimwambia nani. Barua ina anwani mbili zilizopangwa barabara. Ina mtajo, ina mada iliyotanguliwa na KUH na kupigiwa mstari, ina hitimisho na sahihi. Kinachokosekana ni mtu wa upande wa pili.

Katika makala haya tunadai kwamba udhaifu mkubwa wa insha za wanafunzi wetu hautokani na uhaba wa msamiati wala ugeni wa miundo. Unatokana na ukosefu wa nafsinenewa. Tunadai pia kwamba dawa yake imo katika fasihi tunayoifunza kipindi kinachofuata, ila tumezoea kuvitenganisha vipindi hivyo viwili kana kwamba ni masomo ya walimu wawili wasioamkiana.

Walimu wanaijua karatasi ya 102/1. Ina maswali manne, la kwanza likiwa la lazima, na aghalabu hilo la lazima huwa la uandishi wa kiuamilifu: barua rasmi, ripoti, kumbukumbu, hotuba, mahojiano, tahariri na kadhalika. Mtahiniwa huchagua jingine moja katika matatu yaliyosalia, na kila insha ina alama 20. Jina lenyewe, uandishi wa kiuamilifu, linatangaza kwamba haya ni maandishi yenye kazi ya kufanya duniani. Nasi tunayafunza kwa miaka minne bila barua moja kutumwa wala hotuba moja kusikika.

Matokeo yake twayaona kila muhula. Mwanafunzi anaambiwa amwandikie mhariri wa gazeti barua ya kulalamikia utupaji ovyo wa taka mjini mwao. Anaanza kwa kutuarifu kwamba wahenga na wahenguzi walilonga na kulongoa. Methali inafuata. Kisha majogoo yanawika, yeye anadamka alfajiri ya Mungu, ndege wanatumbuiza mitini, naye anajawa na furaha ghaya ya furaha, ingawa suala lililomwamsha ni taka. Taka zenyewe zinafikiwa ukurasa wa pili, nazo ni taka za mji wowote ule. Hatuambiwi ni soko gani, mtaro upi umeziba, wala gari la kuzoa taka lilionekana mara ya mwisho lini. Mhariri wa kweli angekuwa ameiweka barua hiyo kando kitambo.

Wengi wetu huvilaumu vitabu vya insha za mfano, na lawama hizo ni za haki kwa kiasi fulani. Hata hivyo, tusimdunishe mwanafunzi. Yeye ameisoma hadhira yake sawasawa. Anajua hakuna mhariri. Anajua kuna mwalimu mwenye kalamu nyekundu, na kwamba mwalimu huyo hana haja na mtaro wa soko. Anatafuta ushahidi wa lugha. Basi anampa ushahidi wa lugha: methali tatu, tashbihi mbili, tanakali moja ya sauti, na neno moja zito ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo. Kwa maana hiyo insha yake ina hadhira. Ni hadhira inayohesabu badala ya kusoma.

Tuugeukie utendi. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi unaojulikana kwa jina lake. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sayyid Said wa Unguja, alikuwa amekwisha kufariki. Mwenyewe alikuwa mgonjwa, na miaka michache baadaye naye akafa. Utendi unafunguka kwa kumwita bintiye, Mwana Hashima, asogee karibu asikilize wasia. Mama anamwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamtaka aje akae mbele yake, na aje na wino na karatasi. Mwalimu anayetafuta mfano wa hadhira iliyo bayana hahitaji kwenda mbali kupita beti hizo chache. Tunajua nani anasema, nani anaambiwa, kwa nini maneno yasemwe sasa na yasingoje kesho, na hata vifaa vya kuandikia tumeonyeshwa.

Baadhi ya wahakiki wameusoma utendi huu kama kanuni ya utiifu wa mke kwa mume, wakaulaumu kwa kuidumisha taasubi ya kiume. Hoja hiyo ni halali na inafaa kujadiliwa darasani. Lakini mhakiki asiyemweka Mwana Hashima mbele ya macho yake anausoma nusu. Huyu ni msichana ambaye baba yake, adui wa Sultani, amekufa, na mama yake anajiona akielekea kaburini. Mawaidha kuhusu ulimi wenye adabu, namna ya kukaa na wakubwa na wadogo, na namna ya kumtunza mume yanapata uzito mwingine tunapokumbuka kwamba mama huyu hana mali ya kutosha wala jeshi la kumwachia mtoto. Anachoweza kumwachia ni namna ya kupata himaya ya watu. Mtu anaweza bado kukataa ushauri wenyewe. Mimi darasani huwaruhusu wasichana waukatae, na huukataa kwa hoja nzuri. Lakini wanaukataa wakijua ulisemwa kwa nani, na hapo ndipo uhakiki unapoanza.

Kuna jambo jingine katika utendi huo ambalo mwalimu wa insha asiliache lipite. Ukielekea mwisho, mshairi anawageukia wanawake kwa jumla na kuwataka wausome. Alianza na msikilizaji mmoja aliyeketi mbele yake, akafika kwa umma. Sisi hufunza kinyume. Tunamwambia mwanafunzi awaandikie "vijana", "wananchi", "jamii", tukitumaini kwamba katika kundi hilo kubwa atapatikana mtu mmoja wa kusoma. Hapatikani.

Shaaban Robert naye alitunga kwa mtindo huo: Utenzi wa Hati kwa ajili ya bintiye Mwanjaa, na ule wa Adili kwa ajili ya mwanawe Suleiman. Kwa kipindi cha insha, hata hivyo, mimi napendelea barua zake. Kati ya mwaka 1931 na 1958 alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mtu wa kalamu, mwandishi wa Nguzo ya Maji. Barua hizo zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwaka 2002 kwa anwani ya Barua za Shaaban Robert 1931-1958. Mwalimu akiweza kupata nakala, aiweke barua moja kando ya ukurasa mmoja wa Kusadikika, awaulize wanafunzi: katika barua hii, ni nini ambacho mwandishi hakukieleza? Swali hili linafungua mengi. Barua huionyesha hadhira yake kwa yale isiyoyaeleza. Ndugu haelezwi ndugu yake ni nani.

Linganisha na barua ya kirafiki ya mwanafunzi wetu kwa baba yake. Baada ya salamu chungu nzima, anamwarifu baba kwamba yeye ni mwanawe, kwamba ni mwanafunzi wa kidato cha pili, na kwamba anasoma katika shule fulani iliyoko katika kaunti fulani. Baba aliyelipa karo anaelezwa karo ameipeleka wapi! Tunacheka katika chumba cha walimu, tunaandika "rudio" pambizoni na kuendelea. Rudio si jina la ugonjwa huo. Mtoto hamwoni baba.

Yawezekana msomaji akauliza: hadhira halisi itatoka wapi, nami nina wanafunzi 54 katika chumba kimoja na silabasi ya kumaliza? Imetuzunguka. Chukua kumbukumbu za mkutano. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuzikariri sehemu zake: waliohudhuria, waliotuma udhuru, yatokanayo na kumbukumbu zilizotangulia, masuala mengineyo. Anaziandika kuhusu mkutano ambao haukufanyika, wa chama ambacho hakipo. Na wakati huohuo shule ina Chama cha Kiswahili kinachokutana kila wiki mbili bila karatasi yoyote kuandikwa, au ikiandikwa, anaandika mlezi wa chama, yaani mwalimu.

Nilipolihamisha zoezi hilo kwenye chama chenyewe, niliwapa wanafunzi watatu wa kidato cha tatu kazi ya kuandika kumbukumbu za mkutano uliozungumzia safari ya kwenda kutazama tamthilia teule ikiigizwa. Kila mmoja aliandika zake. Mkutano uliofuata, zilisomwa ili zithibitishwe. Aliyekuwa ameandika kwamba "wanachama wote kwa kauli moja walifurahia mno pendekezo la mwenyekiti" alisimamishwa kabla hajamaliza. Msichana mmoja wa kidato cha pili akasema yeye hakufurahia, alipinga, na alitoa sababu: nauli. Mwingine akauliza kiasi cha nauli kilichotajwa ni kipi, maana hakimo. Wa tatu alitaka kujua "katibu aliagizwa kushughulikia" maana yake atashughulikia nini, na kabla ya siku gani. Nilikuwa nimeketi nyuma. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiandika "fafanua" kwa wino mwekundu katika daftari za watoto na neno hilo halijawahi kumfanya mtu yeyote afafanue. Dakika kumi na tano za watu waliokuwepo mkutanoni zilitosha. Kumbukumbu zilizofuata zilikuwa fupi kwa theluthi moja, zilikuwa na majina, tarehe na shilingi, na neno "mno" lilikuwa limetoweka.

Katika madarasa ya chini, Gredi ya 7 hadi ya 9, nafasi ni pana zaidi, kwani nyingi ya shule hizo zimo ndani ya ua la shule ya msingi. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 anayetunga hadithi ana wasomaji wa Gredi ya 3 ng'ambo ya uwanja. Mtoto wa miaka minane hana adabu za mtahini. Hadithi ikimchosha anapiga miayo au anaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Kuna uandishi mmoja katika shule zetu za mabweni ambao una hadhira halisi kuliko wote, nao haufunzwi na mwalimu yeyote. Ni vile vikaratasi vinavyosukumwa usiku chini ya mlango wa naibu wa mwalimu mkuu kabla ya mgomo. Katika shule moja niliyofunza miaka iliyopita nilionyeshwa kadhaa. Huenda haikuwa saa ya mwalimu wa lugha kufanya uhakiki, lakini jicho lina mazoea yake. Sentensi zilikuwa fupi. Wahenga hawakulonga. Kila kikaratasi kilitaja siku, mlo, kosa, kinachotakiwa kifanywe na mwisho wa kusubiri. Ufupi, uwazi, mfululizo wa hoja, na rejista inayomfaa anayeambiwa: yote tunayoyaomba mwaka mzima yalikuwamo, kutoka kwa wanafunzi walewale ambao insha zao zilikuwa mezani mwangu na ndege wao wakitumbuiza. Kilichokosekana ni kimoja tu, sahihi. Tukirudi kwenye istilahi zetu, insha ya darasani ina nafsineni, yenye jina na namba ya usajili, lakini haina nafsinenewa. Kikaratasi cha usiku kina nafsinenewa aliye wazi, lakini nafsineni amejificha.

Sisemi haya kusifu vitisho. Hakuna mwalimu wa Kenya anayekumbuka moto wa Kyanguli wa Machi 2001, uliowaua wavulana zaidi ya 60 bwenini, anayeweza kuyafanyia mzaha. Nasema kwamba mwanafunzi aliyewahi kuandika barua yenye jina lake na ikajibiwa amepungukiwa na sababu moja ya kuandika isiyo na jina.

Ni kweli pia kwamba hadhira halisi ina meno. Abdilatif Abdalla alipoandika Kenya: Twendapi? mwaka 1968 akiwa kijana wa miaka 22, aliwauliza Wakenya wenzake swali, na jibu likatoka kwa serikali. Alifungwa hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Mwalimu anayemtuma mtoto amwandikie mwenye mamlaka bila ya yeye mwenyewe kumwendea kwanza mwenye mamlaka huyo amemtanguliza mtoto vitani. Ndiyo maana mimi huanza na msomaji kabla ya mwandishi. Humwendea anayetarajiwa kuandikiwa, nikamweleza kwamba atapata barua tisa, moja kutoka kwa kila kundi la wanafunzi sita, zenye majina, na kwamba tunamwomba ajibu angalau moja kwa maandishi. Wapo wanaokataa. Heri wakatae mapema.

Aliyekubali kwa moyo mkunjufu kuliko wote alikuwa msimamizi wa jikoni. Barua zilimuuliza kwa nini githeri hupikwa siku tatu mfululizo. Jibu lake lilikuwa la ukurasa mmoja, lenye hesabu: maharagwe ni magunia mangapi kwa wiki, kuni zinafika siku gani, sufuria kubwa ni ngapi na ngapi zimetoboka. Halikuwa na methali hata moja, na wanafunzi walilisoma mara mbili. Barua zao za pili kwake zilikuwa maandishi tofauti kabisa. Kundi moja lilipendekeza ratiba mpya ya mapishi kwa kuzitumia hesabu zake mwenyewe dhidi yake. Sikuzipa alama barua hizo. Nilijaribu, nikaona kwamba alama 14 kwa 20 juu ya barua iliyokwisha kujibiwa ni jambo la kuchekesha. Makosa ya upatanisho wa kisarufi tuliyakusanya ubaoni kabla ya barua kutumwa, na hapo wanafunzi wenyewe ndio waliokuwa wakali, kwa sababu hakuna aliyetaka msimamizi amcheke.

Kinachohusu insha kinahusu pia majibu ya fasihi. Swali likisema "fafanua maudhui ya uongozi mbaya", tunapata orodha iliyonakiliwa kutoka katika mwongozo, hoja kumi, kila moja na mfano wake, na hakuna anayeshawishiwa kwa sababu hakuna aliyepinga. Washairi wetu wa kale wasingeuelewa uhakiki wa namna hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga katika mazingira ya kujibizana, ambapo shairi lisilojibiwa ni shairi lililopotea njia. Ukifunza Kigogo ya Pauline Kea, kwa mfano, mpe nusu ya darasa ihakiki uamuzi wa Sudi wa kukataa kuchonga kinyago alichoagizwa na watawala, na nusu nyingine imtetee Boza, mchongaji mwenzake anayeridhika na hali ilivyo. Kila mmoja amwandikie mtu mmoja wa upande wa pili, kwa jina, na ajibiwe kwa maandishi siku ya pili. Mwanafunzi atakayegundua kwamba Boza ana hoja, maana mtu ana watoto wa kulisha, atalazimika kuirudia tamthilia yenyewe kutafuta la kujibu. Mwongozo hautamsaidia.

Kwa watahiniwa, mpaka wale waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 watakapofanya KCSE yao mwaka 2027, swali la lazima litabaki pale lilipo, na chumbani hamna msimamizi wa jikoni wa kumwandikia. Swali likikuagiza utoe hotuba kwa wanakijiji kuhusu maji safi, usikimbilie "Mstahiki Chifu, waheshimiwa, mabibi na mabwana". Chagua kijiji unachokijua. Weka mkutano mahali ambapo mikutano hufanyika kweli, kama ni chini ya mti au katika uwanja wa zahanati. Kisha mtafute mtu mmoja katika umati ule ambaye hatakubaliana nawe: yule mama anayeteka maji bondeni kwa sababu kisima kipya kinalipisha shilingi kumi kwa mtungi. Andika jina lake juu ya karatasi yako ya kazi mbaya. Halafu anza kumwambia yeye, ukijua kwamba ataondoka mkutanoni ukimpa methali ya pili kabla hujamwambia lolote kuhusu zile shilingi kumi.